Mwaka Niliofungiwa na Wanyama wa Shangazi

Siku tuliyompeleka Shangazi Elize kijijini Makobola kuzikwa, mimi nilikuwa mtu wa mwisho kupanda gari. Watu walikwisha kukaa, jeneza limefungwa vizuri nyuma ya kamyoneti, wanakwaya wameanza wimbo, na dereva anapiga honi barabarani. Mimi nilikuwa jikoni na kitenge changu cha msiba, ninachomoa waya za simu ukutani. Nilijaza maji lile beseni la chuma ambalo paka hawezi kulipindua. Nilipitisha mkono chini ya kabati kutafuta kama kuna mtu aliyeweka sumu ya panya. Nilimfungua mbwa mnyororo. Nilifungua dirisha la wavu la upande wa kivuli, nikaegesha jiwe kwenye mlango wa jikoni ili upepo usiubamize. Binamu yangu mdogo Deo, aniitaye yaya, yaani dada mkubwa, akaja mpaka kizingitini, jasho linamtoka, akasema, "Yaya Riziki, tunaenda kuzika muntu, na weye uko unapangia paka maji?" Nikamwambia, "Tutarudi jioni. Au kesho, kama mvua itakata njia. Ngoja kidogo." Hakunielewa, na hana kosa, maana mwaka ule yeye hakuwa amezaliwa. Njia nzima, ziwa likiwa kushoto kwetu na milima kulia, nililia kama wengine walivyolia. Lakini waliofikiri namlilia tu mwanamke aliyekuwa ndani ya sanduku walikuwa wamejua nusu ya mambo.

Kwa nini niliishi kwa shangazi ni habari ya watu wengine, na wengi wao hawapo tena, naiacha. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, na nyumba ilikuwa Songo, mtaa wa Uvira ulio mlimani, juu kabisa, pale ambapo barabara inaacha kuwa barabara na kuwa ngazi za mawe. Nyumba ya matofali ya kuchoma na bati lililoanza kushika kutu. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na hakuna aliyevikalia isipokuwa akina mama wa kanisa walipokuja kuomba. Chumba cha shangazi kilinuka sabuni na dawa ya mgongo. Mimi nililala katika depo, chumba cha mzigo, kati ya marobota ya vitenge alivyokuwa akivileta kutoka Bujumbura na kuviuza katika duka lake la mtaa wa Kimanga. Mpaka leo nikiingia dukani nikanusa kitenge ambacho hakijafuliwa, nageuka kutazama mlango. Dirisha la depo lilikuwa na vyuma, na nje ya vyuma, mahali ambapo ningeweza kunyoosha mkono nikagusa, kulikuwa na ukuta wa lupango, ua wetu. Ukuta huo ulizunguka kila upande, mrefu kuliko mtu, na juu yake fundi alikuwa amepanda vipande vya chupa. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo macho yaliweza kutoka: ukisimama kwenye ngazi ya jikoni, ukainua kisigino, uliona utepe wa ziwa, na ng'ambo yake milima ya Burundi, na siku isiyo na ukungu uliona hata mabati ya Bujumbura yakimeremeta.

Katika nyumba ile kila chenye pumzi kilikuwa na kazi. Kaporali, mbwa wa rangi ya udongo aliyekatika sikio moja, kazi yake ilikuwa wezi. Mchana alifungwa mnyororo kwenye nguzo ya mti chini ya ukuta wa upande wa mlima, kwa sababu shangazi aliamini mbwa anayetembeatembea mchana anawazoea watu na usiku hawaumi tena. Madamu, paka mweupe mwenye madoa, kazi yake ilikuwa panya waliopenda vitenge. Jako alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyetoka misitu ya Maniema kabla mimi sijafika, na kazi yake ilikuwa kuzungumza na shangazi jioni. Shangazi aliwapenda. Nimewaona watu wakimwita mkavu, lakini mimi nilimwona akimtafunia Jako karanga kwanza, akimpa kwa midomo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapa chakula hao watatu, kufagia, kupika na kusoma. Na yeye alipoenda ng'ambo kununua bidhaa, kazi yangu ilikuwa kubaki.

Alisafiri mara nyingi siku ya Ijumaa, nikishatoka shule, akarudi Jumapili. Alivaa viatu vya safari, akakagua madirisha, akaniambia wali uko wapi na mafuta yako wapi, halafu akatoka, akavuta lango la chuma, na kulifunga kwa nje na kadenasi kubwa. Ufunguo aliutia kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, akaondoka nao. Si kwamba alinichukia. Aliogopa wezi, na aliogopa zaidi vijana waliokaa kwenye ngazi za mawe wakicheza muziki wa simu. Nakumbuka siku moja nikiwa kwenye korido na sinia ya chai, akina mama wa kanisa wakiwa sebuleni, nikamsikia mmoja akiuliza kama ni kweli msichana anaachwa peke yake.

"Peke yake namna gani?" shangazi akajibu. "Iko mbwa, iko paka, iko kasuku, iko Riziki. Wote wako ndani, kadenasi iko nje. Hakuna kinachopotea."

"Na moto ikiwaka?"

"Mungu iko."

Wakacheka, kicheko cha watu wazima walioshiba. Nilisimama pale mpaka chai ikaanza kupoa, halafu nikaingia, nikapiga magoti, nikamhudumia kila mmoja. Sikuwa na hasira. Niseme kweli, nilikuwa nikijiuliza kama ana haki. Mtu akishakuhesabu mara nyingi pamoja na wanyama wake, unaanza kujitafuta katika hesabu hiyo.

Likizo ya Pasaka ya mwaka ule alisafiri siku ya Jumanne, akasema Alhamisi atakuwa nyumbani. Jumatano mpaka wa Burundi ulifungwa. Sababu zilikuwa za wakubwa, na wakubwa hawakutueleza. Sisi tulisikia tu kwamba pale Kavimvira askari wameteremsha bariera na hakuna muntu anayepita, si mwenye mzigo, si mwenye maiti. Habari hiyo niliipata kwa Mama Noela, jirani wa upande wa chini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupiga mbiu, aliyekausha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye turubai uani kwake na kuziuza sokoni. Mume wake alikuwa fundi wa nyumba. Alipanda kwenye ngazi ya mume wake, akachungulia juu ya vipande vya chupa, nikaona kilemba tu na macho.

"Mutoto yangu, mama yako amekwama kule. Weye uko na ufunguo?"

"Minye sina, mama. Ameenda nao."

Akageuka akatazama lango. Kisha akasema, "Basi usiogope. Tuko hapa." Neno hilo lilinitisha kuliko habari yenyewe, kwa sababu mpaka wakati huo sikuwa nimefikiri kuna la kuogopa.

Shangazi alipiga simu kwa laini ya Burundi, ambayo mtandao wake unafika mpaka kwetu. Alisema kesho. Siku iliyofuata akasema tena kesho. Niliuliza kama mume wa Mama Noela aje akate kadenasi, akanijibu kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia akiwa amekwisha kuamua. "Ukivunja, jioni hiyohiyo watu wote wa Songo watajua lango halina kitu. Kaa. Nakuja." Nikakaa. Likizo ikaisha, wenzangu wakarudi shule, nikawasikia asubuhi wakipita nyuma ya ukuta, wakicheka, wakitajana majina. Mama Noela alienda kwa mwalimu kunisemea. Alirudi akanipa kwa ndoo iliyofungwa kamba madaftari ya rafiki yangu niyanakili, na chini ya madaftari ameweka bugali uliofungwa kwenye jani la mgomba na ndagala za kukaanga. Ndoo hiyo ikawa soko langu. Ilishuka na chumvi, sabuni, simu iliyochajiwa kwake siku kwangu umeme ulipokosekana. Ilipanda ikiwa tupu, na nilikuwa nikiitazama inavyopanda mpaka ipotee.

Watu hufikiri kufungiwa ni kukaa bila kazi. Mimi sikukaa. Nilitembea. Kutoka lango mpaka nguzo ya Kaporali, kutoka nguzo mpaka jikoni, na baada ya siku chache nikagundua kwamba natembea juu ya mstari uleule ambao mbwa ameuchimba kwa miguu yake, mahali mnyororo wake unapofikia, nami nageuka pale anapogeuka yeye. Niliacha kutembea. Nikaanza kukaa kwenye ngazi ya jikoni na kuwatazama, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama, na ndipo nikajua nini kinatokea kwa mnyama anayeachwa. Kaporali saa za jua kali alizunguka nguzo mpaka mnyororo ukaisha, akabaki shingo imebanwa kwenye mti, ulimi nje, na kopo lake la maji amelipiga teke mwenyewe. Kama nisingekuwepo kumzungusha kurudi nyuma, angekaa hivyo mpaka jioni. Madamu alilala sakafuni penye saruji baridi, lakini njaa ikimshika aliingia nyuma ya marobota, ambako shangazi aliweka sumu ya panya kwenye kifuniko cha rangi ya viatu. Nilimkuta akiinusa, nikaitupa yote chooni. Jako alichukia upweke kuliko wote. Alijing'oa manyoya ya kifuani. Nikikaa depo muda mrefu alianza kuita kwa sauti ya shangazi, si ya kufananisha, ni ileile: "Riziki! Uko wapi?" Na mimi, kila mara, kabla akili haijafika, nilisimama na kujibu, "Niko, shangazi." Mtu anayetuona angecheka. Shangazi alikuwa ng'ambo ya ziwa, lango limefungwa, na bado alikuwa akiniita kutoka koridoni nami nikaitika.

Tulikula pamoja, sote wanne, chakula kimoja. Mchele ulipokwisha tulikula bugali. Mafuta yalipokwisha nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa maji na chumvi, nikachanganya na vichwa vya ndagala kwa ajili ya mbwa na paka, na mimi nikala humohumo. Niliketi sakafuni, kwa sababu kukaa peke yangu kwenye vile viti vilivyovishwa vitambaa kulinifanya nijisikie mgeni. Kuna saa za mchana, jua likiwa juu ya bati, ambapo nyumba nzima ilipumua kama tanuri, na sote tulilala koridoni kwenye saruji, mimi nikimsikia Kaporali, ambaye nilikwisha kumfungua bila ruhusa, akihema karibu na goti langu. Sikuwahi kupenda mbwa kabla ya hapo. Sijui kama nilimpenda hata wakati ule. Alikuwa mtu pekee niliyejua anachohisi.

Halafu mtihani wa taifa ukafika. Kwetu sehemu yake ya kwanza huja mapema, mvua zikiwa bado hazijaisha: siku moja ya insha ya Kifaransa, na siku nyingine ya mtihani wa mdomo mbele ya walimu wageni. Asiyekuja haandikwi, na mwaka wake umekufa. Nilimpigia shangazi mimi mwenyewe, mara ya kwanza kumpigia tangu aondoke. Nilisikia nyuma yake sauti za watoto wa watu na sufuria.

"Shangazi, kesho kutwa ni insha."

"Najua."

"Naomba nitoke. Nitapita juu ya ukuta kwa Mama Noela, sitavunja kitu. Nitarudi mchana."

"Na nyumba?"

"Nitaipanga vizuri. Na wanyama nitawapanga."

"Riziki," akasema, "mtihani uko kila mwaka. Nyumba minye niko nayo moja tu. Kaa." Na simu ikakatika.

Nililia mbele ya Jako, ambaye aliinamisha kichwa upande na kunitazama kwa jicho moja. Kisha nikaacha kulia, kwa sababu niligundua kwamba nalia huku nikihesabu kichwani mabeseni yaliyomo ndani ya nyumba. Nilikwisha kuamua kwenda. Kilichobaki ni namna ya kuwaacha. Nami nilikuwa nimekaa nao kiasi cha kutosha kujua. Siku nzima iliyofuata nilifanya kazi hiyo. Maji niliyatia katika vyombo vizito, kimoja jikoni, kingine koridoni, kingine uani kwenye kivuli, ili mmoja akikichafua kimoja kibaki kingine. Niliondoa kila waya ambayo Jako angeweza kuifikia kwa mdomo. Babula, jiko la makaa, niliizima mapema, nikamwagia majivu maji na kuitoa uani. Marobota niliyasukuma mpaka ukutani ili Madamu asikwame nyuma yake, na nikamwekea mchanga kwenye karai. Kizimba cha Jako nilikiondoa dirishani, ambapo jua la mchana lingemchoma, nikakitundika kwenye boriti katikati ya korido, nikamtilia karanga kwenye kitambaa kilichofungwa fundo ili apate kazi ya kulifungua. Mlango wa jikoni niliuacha wazi, nikauegemeza jiwe. Na Kaporali nilimwacha bila mnyororo. Mnyororo ulikuwa amri ambayo shangazi hakuwahi kuilegeza. Nilimwambia Mama Noela, naye akasema, "Akikuuliza, sema ni minye niliyemufungua." Lakini sikutaka kusemewa na mtu. Nilimfungua mimi.

Asubuhi mume wa Mama Noela alitandika godoro kuukuu juu ya vipande vya chupa, akaegesha ngazi upande wao, akanishushia nyingine. Nilipanda na sare yangu, kalamu mdomoni. Juu ya ukuta nilisimama kidogo. Sikuwa nimeiona Uvira kwa muda mrefu: mabati mpaka chini, ziwa lote, si utepe, na moshi wa watu wanaopika. Nyuma yangu Kaporali alikuwa amekaa uani, hakubweka, ananitazama kama anayejua kwamba zamu imefika ya yeye kubaki.

Chumba cha mtihani kilikuwa katika shule moja ya Kimanga. Waliita majina, tukaingia, wakafunga mlango, na msimamizi akatangaza kwamba hakuna atakayetoka kabla karatasi hazijakusanywa, hata kama anaumwa. Nilikuwa nimeanza ukurasa wa pili mvua iliponyesha. Wa Uvira wanajua mvua ya namna hii. Haianzi, inaangushwa. Kelele za bati zilifunika kila kitu, madirisha yakawa meupe, na mara nikasikia sauti ile nyingine, ya chini, ya kusaga, ambayo ni mawe yanayoviringika kwenye korongo la mlima juu ya Songo. Niliinuka. Sijui nilitaka kusema nini. Msimamizi akaninyooshea kidole: "Mademwazeli, kaa!" Nikakaa. Nilitazama mlango uliofungwa, nikaona jinsi ulivyo wa mbao tu, na bado ulikuwa na nguvu kuliko lango la chuma, maana huu nilikuwa nimeuruka ukuta ili niufikie. Nikitoka, nimepoteza kilichonitoa. Nikibaki, kule juu kuna viumbe vitatu ndani ya lupango lisilo na njia ya kutokea, na maji yanakuja. Niliandika. Mada ilikuwa juu ya wajibu wa kijana kwa nchi yake, nami sikumbuki hata sentensi moja. Nakumbuka tu kwamba nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Tulipofunguliwa nilikimbia. Barabara ya kupanda Songo ilikuwa imekuwa mto wa tope, watu wanatoa vyombo nje, mwanamke mmoja amekaa juu ya meza yake katikati ya njia. Nilipofika kwetu niliona anga mahali ambapo hapakuwa na anga. Ukuta wa upande wa mlima ulikuwa umelala. Maji yalikuwa yameusukuma wote ndani ya uwanja, matofali na chupa na mawe makubwa kama magunia, na nguzo ya Kaporali haikuonekana kabisa. Ilikuwa chini ya rundo lile, pamoja na mnyororo na kopo lake. Nilipanda juu ya matofali kwa mikono na magoti, nikiita. Alitoka jikoni. Alikuwa ameloa, ana tope mpaka tumboni, anachechemea mguu mmoja wa nyuma, lakini alitoka kwa miguu yake kupitia mlango niliouacha na jiwe. Tope lilikuwa limeingia korido yote, na juu yake, kwenye boriti, Jako amejikunja kama ngumi, macho yamemtoka, kimya. Madamu nilimkuta juu ya kabati la shangazi, kwenye kofia ya kanisani. Nilikaa ndani ya tope, sare na vyote, mbwa akiniegemea, na Mama Noela alipofika alitukuta hivyo. Alitazama rundo la matofali, akatazama mbwa, akashika kichwa. "Kama ungelimuacha kwa munyororo," akasema, hakumaliza.

Mtu angefikiri kwamba ukuta ukishaanguka aliyefungwa amefunguliwa. Haikuwa hivyo. Lango lilikuwa bado limesimama vizuri na kadenasi yake, lakini upande wa mlima nyumba ilikuwa wazi kama duka, na vitenge vya shangazi vilikuwa ndani. Sasa sikuweza kwenda hata msalani bila kugeuka nyuma. Nilikaa kwenye lile tundu na rungu, Kaporali pembeni yangu, wapita njia wakitazama ndani kwa udadisi ambao sikuupenda. Na mtihani wa mdomo ulikuwa umebaki. Nilimwambia Mama Noela siendi. Nilimwambia kwa sauti ya shangazi, nilisikia mwenyewe: nyumba ni moja. Yeye hakubishana. Asubuhi ya siku ile alikuja na turubai lake na beseni lote la ndagala, akalitandaza juu ya matofali yaliyoanguka, akaketi katikati ya tundu miguu amenyoosha.

"Minye nitauzia hapa leo," akasema. "Atakayepita atanunua samaki kwanza. Kwenda, mutoto."

"Na soko lako, mama?"

"Soko iko hapa. Kwenda!"

Nilienda. Walimu waliniuliza kwa Kifaransa nieleze nyumba yetu, swali la watoto, nami nikazungumza mpaka wakaninyamazisha. Nilifaulu, matokeo yalipotoka, na mwaka uliofuata nilipanda gari la Bukavu kusoma ualimu, na sikurudi kuishi Songo tena.

Lakini kabla ya hapo mpaka ulifunguliwa, na shangazi akarudi. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nikifua vitambaa vya viti nilipomwona akipanda ngazi za mawe, amekonda, kitenge kimemzunguka kiuno mara mbili. Alipita mbele ya ukuta ulioanguka. Alisimama akaangalia. Angeweza kuingia hapo hapo, mbuzi wa jirani walikuwa wakiingia. Hakuingia. Alizunguka nyumba, polepole, akafika langoni, na nikasikia anafungua kadenasi kwa ufunguo wake, anasukuma lango, anaingia, analirudishia nyuma yake. Kaporali alimkimbilia akichechemea. Alimtazama mbwa aliyefunguliwa, akatafuta nguzo kwa macho, akaona rundo. Aliliangalia rundo lile kwa muda mrefu sana. Nilisubiri aniulize ni nani aliyemfungua. Hakuuliza.

Nilimpikia bugali na samaki wa mukeke aliotuletea Mama Noela. Tulikula sebuleni, na mara ya kwanza tangu nilipofika katika nyumba ile aliniambia nikae kitini. Alikula kidogo. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kule alikaa kwa mteja wake mmoja, katika chumba cha nyuma. Asubuhi wenye nyumba walienda kazini, na kwa kuwa yeye alikuwa mgeni asiye na karatasi, walimfungia kwa nje. Kwa usalama wake, walisema. Walimwachia maji na mikate. Walikuwa watu wazuri.

"Siku ile ya mvua kubwa niliona huku kumekuwa kweusi," akasema. "Nilipiga mlango. Hakuna muntu aliyesikia."

Nilimsogezea maji.

"Riziki, miaka yote hii niko nakufungia. Sijakuuliza hata siku moja kama unaogopa."

Kijana mwenye adabu angesema hapana, shangazi, usijali. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelisema maisha yangu yote.

"Naogopa," nikamwambia.

Akaweka tonge chini, akaniambia nimwambie yote, tangu mwanzo.